Mashine Ndogo ya MIG ya Kutumia Nyumbani: Nilinunua Mbili, Imebaki Moja

Mimi ni seremala. Kwa miaka mingi chuma kwangu kilikuwa misumari, bawaba na skrubu, basi. Mambo yalibadilika wateja walipoanza kutaka meza zenye miguu ya chuma: bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5, rangi nyeusi, juu ubao. Kila fremu nilikuwa nampelekea fundi wa kuchomelea, nasubiri foleni yake, na ikirudi imepinda narudi tena. Nikaamua nitachomelea mwenyewe nyumbani. Nilianza na mashine ya rodi ya kuazima, na yeyote aliyewahi kuchomelea bomba la 1.5 kwa rodi ya 2.5 anajua kilichonipata: matundu. Unaziba moja, linafunguka jingine pembeni yake. Ndipo nikaanza kutafuta MIG, mashine inayochomelea kwa waya inaousukuma yenyewe badala ya rodi; ndogo, ya bei ya chini, ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida.

Nimenunua mbili. Ya kwanza niliijutia, ya pili naitumia hadi leo. Sitaji kampuni, kwa sababu mashine hizi ndogo nyingi ni zilezile kwa ndani, zimebadilishwa rangi na nembo tu. Mambo ya kukagua hayabadiliki, nembo iwe yoyote.

Ya kwanza ilikuwa boksi jekundu lenye transfoma, zito kuliko linavyoonekana. Haitumii gesi, inatumia ule waya wenye unga ndani, ambao ukiungua unatoa moshi unaokinga mshono dhidi ya hewa. Swichi mbili za kuchagua nguvu katika hatua nne, kitufe kimoja cha kuzungusha cha kasi ya waya, roli ya waya ya kilo 1, na tochi, yaani mkono wa kuchomelea unaotoa waya, iliyofungwa moja kwa moja ndani ya mashine. Mbele imeandikwa 130.

Kwa wiki mbili niliamini tatizo ni mkono wangu. Moto unakatika-katika, matone ya chuma yameganda kila mahali, na mshono umekaa juu ya bomba kama nta iliyodondoka kutoka kwenye mshumaa. Nikigonga kwa nyundo, kipande kinabanduka kizima na chini yake bomba ni safi, halijaguswa na joto. Nikasugua zaidi, nikabadilisha pembe, nikabadilisha kasi ya waya. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe nikamwita jirani yangu anayetengeneza redio na vikuza sauti. Tukafungua kifuniko, akachungulia, akafuata nyaya kwa kidole kutoka kwenye transfoma hadi kwenye tochi.

"Kaka, hii haina daraja la diodi, kifaa cha kufanya umeme uende upande mmoja," akaniambia. "Umeme unaotoka hapa ni uleule wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Waya huu wa kujikinga wenyewe umetengenezwa kwa umeme wa mkondo mmoja, tochi ikiwa upande wa hasi na chuma upande wa chanya. Ukiupa umeme wa kwenda na kurudi, moto unazima na kuwaka mara mia kwa sekunde, na waya haupati utulivu wa kuyeyuka vizuri. Kuna watu wanaozizoea mashine hizi na kuunga nazo chuma kinene. Kwa bomba jembamba, na kwa mtu anayejifunza, ni mateso. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla ya amperi, kabla ya uzito: umeme unaotoka ni wa aina gani? Ukiona kwenye kibao cha mashine alama ya wimbi dogo upande wa kutoa, au neno AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, rudisha mkono mfukoni.

Kosa lake la pili lilikuwa kwenye kisukuma waya, na hili nitalikalia kwa sababu ndilo wanunuzi wengi wanalolipita.

Katika MIG, waya ndio kila kitu. Kwenye bomba langu la 1.5, waya wa milimita 0.8 unatoka karibu mita 4 kwa dakika. Ukisita hata kidogo, moto unapanda na kuyeyusha waya hadi ndani ya tipu, kile kijibomba cha shaba kwenye mdomo wa tochi, tipu inaziba, kazi inasimama. Ukienda kwa kasi ya kushtuka-shtuka, mshono unakuwa na vifundo. Volti zinaweza kuwa nzuri kabisa, lakini waya usiposukumwa sawasawa huna mashine.

Kwenye boksi langu jekundu, mkono unaobana waya dhidi ya rola ya kuusukuma ulikuwa wa plastiki. Nikikaza springi, mkono unajikunja kwa nje na rola mbili zinaacha kutazamana. Nikilegeza, waya unateleza. Waya unapokosa kunyooka kuelekea kwenye mdomo wa laina, ule mrija unaoupeleka kwenye tochi, unajikunja hapohapo katikati ya rola na mdomo, na ndani ya sekunde mbili una kiota cha ndege cha kuchomoa kwa koleo. Siku moja nilichomoa viota sita kwa fremu moja. Nilikata waya mwingi kuliko niliochomelea.

Kwa mashine ya pili nilikwenda nimejiandaa. Nilimwomba muuzaji afungue mlango wa pembeni kabla hata ya kuniambia bei. Nilichotaka kuona ni hiki: bamba na mkono wa chuma au alumini, siyo plastiki, rola yenye mfereji uliokatwa vizuri, yenye namba 0.6 upande mmoja na 0.8 upande wa pili. Na mdomo wa laina ulio karibu na rola kiasi kwamba waya hauna nafasi ya kukunjika. Nikatikisa mkono ule kwa kidole gumba. Haukucheza. Nikaangalia kama kuna rola ya pili ndani ya boksi, ile yenye meno madogo. Waya wenye unga ni laini, ni kama mrija. Rola ya mfereji laini inabidi uikaze sana hadi inaubonda. Yenye meno inaushika bila kuuminya.

Kuna jaribio moja ambalo sasa nalifanya kila nikibadilisha roli. Mimi vipande vya mbao havinipungukii, basi nachukua kimoja kikavu, nazima gesi, navaa glavu, nauelekeza waya kwenye ubao kwa umbali wa vidole viwili na kubonyeza kitufe. Waya ukifika kwenye ubao uendelee kujikunja polepole bila kusita. Ukisita kwa kugusa tu, springi imelegea. Kisha naubana waya kwa kuuzuia kabisa: rola iteleze, isikunje kiota. Hapo katikati ndipo pa kuacha springi. Inachukua nusu dakika, na imeniokoa tipu nyingi.

Sasa namba. Mbele ya mashine yangu ya pili kumeandikwa 200 kwa tarakimu kubwa. Usiihesabu hiyo. Igeuze mashine, tafuta kibao cha nyuma au chini. Ukweli uko pale. Cha kwangu kina jedwali la safu tatu. X ni asilimia ya muda wa kuchomelea: 25%, 60%, 100%. Chini yake I2, yaani amperi zinazotoka: 160, 103, 80. Chini yake U2, volti za moto: 22, 19.2, 18. Asilimia hiyo inahesabiwa ndani ya dakika 10. Kwa amperi 160 nachomelea dakika 2 na nusu, kisha mashine ipumzike dakika 7 na nusu. Kwa amperi 80 naweza kuendelea bila kusimama. Hiyo 200 ya mbele haimo popote kwenye jedwali.

Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974-1, kinataka asilimia hiyo ipimwe kwenye joto la nyuzi 40. Namba ya kiwango ikiwepo kwenye kibao, una cha kushika. Wapo wanaopima kwenye joto la chini ili asilimia ipendeze. Na mashine isiyo na jedwali lolote, mimi siichukui hata kwa bei ya kutupa.

Je, 160 zinatosha? Hesabu yangu ya haraka ni amperi 40 kwa kila milimita ya unene. Bomba la 1.5 linataka 60. Chuma cha kona cha milimita 3, 120. Milimita 4 ndio mwisho wa mashine hii kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hapo unachonga kingo na kupita mara kadhaa. Kwa samani, mageti mepesi, rafu, toroli, vitanda, hutafika hata 120 mara nyingi. Kwa hiyo usilipie amperi ambazo nyumba yako haiwezi hata kuzilisha.

Maana hilo nalo lipo kwenye kibao. Cha kwangu kinasema I1max ni amperi 26.5 na I1eff ni 13.3. Ya kwanza ni kile mashine inachovuta ukutani ukiikamua hadi mwisho. Ya pili ni mzigo wa joto kwenye nyaya za nyumba ukishahesabu mapumziko. Soketi ya amperi 13 haiwezi kuipa mashine hii nguvu zake zote, hilo liwe wazi. Lakini nikichomelea kwa 80, inavuta karibu 11, na hapo soketi inastahimili. Siku niliyotaka kuchomelea chuma cha kona kwa 140, sakiti breka ilikata mara tatu. Nikamwita fundi umeme akaniwekea soketi kubwa yenye waya wake peke yake. Kama hutafanya hivyo, jua kwamba una mashine ya milimita 2, uridhike nayo. Waya wa kurefushia umeme uwe wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote chini. Ukiuacha umezungushwa kwenye roli yake unapata joto hadi plastiki inalainika. Nimeugusa wangu, najua.

Kilichonifanya niichague hii kati ya tatu nilizoziangalia ni kitu kidogo sana: kipande cha kebo chenye plagi kinachotoka mbele, ambacho unaweza kukichomeka kwenye chanya au kwenye hasi. Waya mtupu wa gesi unataka tochi iwe chanya. Waya wenye unga unataka tochi iwe hasi. Mashine isiyo na njia ya kugeuza inakufunga kwenye waya wa aina moja maisha yake yote. Nyingine zina njia hiyo ndani ya mlango, boliti mbili za kufungua kwa spana, nayo inafaa.

Kwangu mimi jambo hili si la hiari. Karakana yangu imejaa unga wa mbao, na cheche za MIG ndani ya unga wa mbao ni kutafuta janga. Nachomelea nje, uani. Nje kuna upepo, na upepo unapeperusha gesi. Mshono unatoka na vitundu kama sifongo. Siku ya upepo naweka waya wenye unga na kugeuza plagi. Siku tulivu, au nikijikinga kwa mabati mawili, naweka waya mtupu na gesi. Tofauti kwenye bomba la 1.5 ni kubwa: kwa gesi mshono ni laini, hauna ganda la kubandua, na unahitaji grenda kidogo sana kabla ya rangi. Kwa waya wenye unga unabandua ganda, unasugua matone, na lazima uende haraka usije ukatoboa. Chini ya milimita 1.2 sithubutu kuutumia.

Kuhusu gesi, wauzaji hawakuambii kwamba mashine ni nusu tu ya gharama. Kuna mtungi, kuna rejuleta, kuna mpira, kuna roli ya waya. Viweke kwenye bajeti siku hiyohiyo. Nilichagua kaboni dioksidi tupu badala ya mchanganyiko wa agoni, kwa sababu ni rahisi na inadumu. Mchanganyiko unatoa mshono mzuri zaidi na matone machache, hasa kwenye bati jembamba. Kaboni dioksidi inazama zaidi kwenye chuma na inarusha cheche zaidi. Kwa miguu ya meza inatosha kabisa. Njia ya MIG yenyewe ilianza mwaka 1948 huko Marekani, kwa kuchomelea alumini na gesi ghali zisizochanganyika na chuma. Kaboni dioksidi ilipoingia mwaka 1953 ndipo njia hii ikawa nafuu kwa chuma cha kawaida. Ndiyo maana kwenye boksi utakuta MIG/MAG. Kwa gesi hii, inayoingiliana na chuma, unachofanya ni MAG, na mashine ni ileile.

Kilo 1 ya kaboni dioksidi inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Mimi nafungulia lita 10 kwa dakika, kwa hiyo mtungi wa kilo 10 unanipa zaidi ya saa 8 za moto unaowaka, na hizo ni fremu nyingi mno. Ila jambo moja lilinishtua: geji ya mtungi haishuki. Gesi hii imo kama kimiminika, na maadamu kuna tone la kimiminika, shinikizo linabaki palepale. Likiisha, sindano inaanguka ghafla na wewe uko katikati ya kazi. Sasa napima mtungi kwa mizani. Uzito mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Na usimame wima umefungwa mnyororo, kamwe usilale, kimiminika kisije kikaingia kwenye rejuleta.

Mashine hii ni ya inveta, yaani ya saketi za elektroniki badala ya transfoma nzito, kilo kumi na kitu, nainyanyua kwa mkono mmoja. Ina kitufe cha kuchagua unene na kipenyo cha waya, yenyewe inalinganisha volti na kasi. Kwa anayeanza, hilo ni msaada mkubwa sana. Nilichagua 0.8, nikapandisha hadi amperi 65, na mshono wa kwanza kabisa ulikuwa mzuri kuliko wiki mbili zangu zote na boksi jekundu. Sauti yenyewe ilinifurahisha: mchachatiko mmoja, laini, usiokatika, kama mafuta yaliyoshika moto sawasawa kwenye kikaango. Hata hivyo hakikisha kuna kitufe cha kurekebisha volti juu ya kile inachokupangia. Yangu inaniwekea volti ndogo kidogo kwa kaboni dioksidi, naongeza moja, inakaa vizuri.

Ina kasoro zake. Kibanio cha ethi, kile kinachoshika chuma unachochomelea, kilichokuja nayo ni bati lililokunjwa na springi dhaifu. Kilikuwa kinapata moto kuliko bomba. Nilikibadilisha wiki ya kwanza kwa kizito cha shaba, na mashine ikawa kama nyingine. Tochi ni mita 2 na nusu, fupi kwa fremu ya kitanda, lakini inafunguka kwa kichwa cha Euro, kiungio kinachotumiwa na kampuni nyingi, kwa hiyo siku ikifa nitanunua nyingine bila kutafuta kampuni yake. Hilo nalo likague: tochi ya kichwa cha Euro, na tipu za nyuzi M6 zinazopatikana kila mahali. Feni inafanya kazi muda wote na inavuta chochote kilichopo hewani. Unga wa mbao, na zaidi vumbi la grenda ambalo linapitisha umeme, vikijaa kwenye bodi ya ndani inaungua. Naiweka mbali na grenda na kuipuliza kwa hewa kila mwezi, ikiwa imechomolewa.

Boksi linadai inachomelea alumini. Kwa hilo unahitaji agoni tupu, laina ya tefloni, rola za mfereji wa duara na uvumilivu mwingi, maana waya wa alumini ni laini mno kusukumwa mita mbili na nusu. Usiinunue kwa sababu hiyo. Inaweza pia kutumia rodi, na hapo sina neno. Nimeunga nayo chuma kinene chenye kutu bila shida. Kama kazi zako zote ni za aina hiyo, nje, chuma kinene na kichafu, nunua mashine ya rodi ya inveta uachane na MIG, utatumia pesa kidogo na kupata mshono imara zaidi.

Barakoa ya kujitia giza yenyewe, kivuli namba 10, inunue pamoja na mashine. Macho yakipigwa na moto huu, usiku unahisi yamejaa mchanga. Bomba lililopakwa zinki lisugue hadi chuma cheupe kabla ya kuligusa. Moshi wa zinki unaleta homa na baridi ya kutetemeka jioni ileile.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji aichomeke na kupitisha waya mbele yako. Tochi ilaze sakafuni ikiwa imejikunja kidogo, kama itakavyokuwa kazini, kisha bonyeza kitufe na uusikilize waya ukitoka. Mlio uwe mmoja tangu mwanzo hadi utakapoachia. Ukisikia injini inavuta na kulegea, inavuta na kulegea, mwambie alete nyingine ya aina ileile mjaribu tena. Na ya pili nayo ikifanya hivyo, aina hiyo mwachie.